Hapa Pana Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vifupisho na Maneno Mafupi ya Kiingereza

Nina steshenari ndogo Tandika, hatua chache kutoka sokoni. Kibao cha mlangoni kinasema natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti na kujaza fomu. Kazi moja haikuandikwa pale na sijawahi kuitoza: kusoma herufi. Mtu anaingia, anasalimia, anakunjua karatasi iliyokunjwa mara nne, anaweka kidole kwenye herufi mbili au tatu na kuniuliza, "Hapa pana nini?" Nimekusanya maswali yanayorudi kila wiki. Sikuyapanga kwa alfabeti, kwa sababu hakuna mteja anayekuja kwa alfabeti.

Kwa nini Wazungu wanafupisha kila kitu? Si waandike neno zima?

Mbona na sisi tunafupisha. Chukua barua yoyote ya serikali ya Kiswahili: juu kuna S.L.P. na Kumb. Na., katikati kuna Yah:, na chini penye sahihi kuna k.n.y., yaani kwa niaba ya. LUKU uliyonunua asubuhi ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Tumeizoea hadi tunasema "luku imeisha" kama vile luku ni kitu cha kumimina kwenye ndoo.

Jambo ambalo wateja wangu wengi hawalitarajii ni kwamba vingi kati ya hivyo vifupisho vya Kiingereza si Kiingereza. Herufi za e.g., i.e., etc., a.m., p.m., NB, PS na CV ni za Kilatini. RSVP ni Kifaransa. Kwa hiyo hata aliyepata A ya Kiingereza kidato cha nne anaweza asijue zimesimamia nini. Alifundishwa kuzitumia, hakuambiwa zilikotoka. Ukija na swali, usianze na "samahani, mimi sikusoma". Hata waliosoma wanakuja, tena wao huja jioni watu wakishapungua.

Mkataba wa fremu yangu una e.g. sehemu moja na i.e. sehemu nyingine. Si kitu kimoja?

Si kitu kimoja, na tofauti yake unaweza kuilipia. e.g. ni "kwa mfano". i.e. ni "yaani".

Tuseme mkataba unasema mpangaji atalipia huduma, halafu ikafuata e.g. na baada yake maji na umeme. Hapo maji na umeme ni mfano tu. Mwenye fremu akija mwezi wa tatu na bili ya taka na ya mlinzi, mkataba haumzuii, kwa sababu mlango wa orodha uliachwa wazi. Lakini ikiwa imeandikwa i.e., orodha imefungwa: huduma maana yake ni maji na umeme, basi. Mlinzi atalipwa na mwenye nyumba.

Na etc. mwishoni mwa orodha, ile n.k. yetu, kwenye mkataba mimi huiogopa kuliko zote. Kwenye barua ya mchumba haina neno. Kwenye mkataba, mwambie mwenye fremu aandike vyote kwa majina, kisha weka sahihi.

Tiketi ya basi imeandikwa 6:00 AM. Niwe stendi saa ngapi?

Basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Uwe Mbezi, stendi ya Magufuli, saa kumi na moja alfajiri, na kutoka huku kwetu Temeke maana yake uamke ukiwa bado hujalala vizuri.

AM ni kabla ya adhuhuri, PM ni baada ya adhuhuri. Hilo ni rahisi. Ugumu unatoka kwetu: sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, wao wanaanza usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili, na kuna njia ya kuikumbuka bila hesabu. Tazama saa ya ukutani yenye mishale. Namba ya Kiingereza na ya Kiswahili zimekaa zikitazamana: 6 inatazamana na 12, 7 inatazamana na 1, 8 na 2, 9 na 3. Ukisomewa saa ya Kiingereza, peleka kidole upande wa pili wa uso wa saa, hapo ndipo penye saa yetu.

Mama yangu mdogo alikatiwa tiketi ya Tanga iliyoandikwa "6:00" kwa kalamu, bila AM wala PM. Akaisoma kama mtu yeyote wa Dar es Salaam anavyosoma saa. Akafua, akapika, akafika stendi saa tano na nusu mchana na ndoo ya maandazi ya wajukuu. Basi lilikuwa limeshapita Segera. Karani wa kampuni hiyo, ambayo sitaitaja, akamwambia, "Mama, mbona tiketi imeandikwa wazi." Haikuandikwa wazi. Toka siku hiyo, mtu wa kwetu akikata tiketi namwambia aulize kwa mdomo: "Asubuhi au mchana? Saa ngapi ya Kiswahili?" Karani akicheka, acha acheke.

Je, 12 AM na 12 PM?

Hapa hata Waingereza wenyewe hubabaika. 12 PM ni saa sita mchana. 12 AM ni saa sita usiku. Ndiyo maana tangazo la mwisho wa kutuma maombi ya kazi au ya mkopo wa chuo mara nyingi huandikwa 11:59 PM, dakika moja kabla ya saa sita usiku, ili asiwepo wa kubishana.

Kuna mtego mwingine mkubwa zaidi. Kwao tarehe inabadilika saa sita usiku. Tiketi ya ndege ikisema 12:30 AM, tarehe 5, hiyo ni saa sita na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 5. Maana yake unatakiwa uwe uwanja wa ndege jioni ya tarehe 4. Ukijipanga kwenda usiku wa tarehe 5, ndege yako iliondoka usiku wa jana.

Kwenye risiti ya LUKU kuna kWh, VAT, EWURA na REA. Mbona nanunua umeme wa elfu kumi lakini umeme wenyewe si wa elfu kumi?

Kwa sababu elfu kumi yako wanakula wengi. kWh ndiyo "yuniti" tunayoisema: umeme unaotumiwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ukiiwasha saa nzima, imekula yuniti moja. Taa ya wati 10 itachukua saa mia kuimaliza yuniti hiyohiyo. Ukilielewa hilo utajua wa kumgombeza nyumbani ni nani.

VAT ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, na kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. EWURA ni mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, hukatwa asilimia 1. REA ni wakala wa nishati vijijini, asilimia 3, pesa ya kusambaza nguzo huko mikoani kwa ndugu zako. Zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita tunaziita tokeni. Hilo si kifupisho, ni neno zima.

TIN, NIN, VRN, PIN. Ni namba ngapi hizi, na ipi nisimpe mtu?

PIN usimpe mtu. Nyingine zote utaombwa na ofisi, na utazitoa.

NIN ni namba yako ya utambulisho wa taifa, ile tunayoiita "namba ya NIDA". NIDA ni jina la mamlaka inayotoa kitambulisho, lakini mtaani tumeshaifanya kuwa kitambulisho chenyewe: "nimepoteza NIDA yangu". Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Zikague leo. Nimeona watu wanaogundua wamezaliwa mwezi mwingine siku wanayoenda kudai mafao.

TIN ni namba ya mlipa kodi, ina tarakimu tisa, inatolewa na TRA na haiuzwi. Akitokea kijana nje ya ofisi anayekuuzia TIN, anakuuzia foleni tu. VRN ni namba ya aliyesajiliwa kwa VAT. Mama mwenye genge haimhusu, ila utaiona kwenye risiti za mashine za EFD za maduka makubwa.

PIN ni namba ya siri. Kiswahili kimelitendea haki neno hili kuliko Kiingereza, maana N ya mwisho tayari ni "namba", kwa hiyo anayesema "namba ya PIN" amesema namba mara mbili. Na "mashine ya ATM" ni vilevile, M ya mwisho ni mashine. Sisahihishi mtu kwa hilo. Na mimi nasema hivyohivyo. Mashine ya kwanza ya kutolea pesa iliyofunguliwa kwa umma na benki ya Barclays iliwekwa Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967. John Shepherd-Barron, aliyeibuni, alisimulia kwamba alitaka namba ya siri ya tarakimu sita, mkewe akamwambia yeye hawezi kukumbuka zaidi ya nne. Nne zikabaki.

Nimetumiwa ujumbe wenye OTP, kisha mtu akapiga simu akaniomba nimsomee.

Kata simu. OTP ni neno la siri la kutumika mara moja. Linatumwa kwako kwa sababu kuna mtu, muda huo, anajaribu kuingia kwenye akaunti yako na amekwama mlangoni. Anakupigia umfungulie. Hakuna mhudumu wa mtandao wa simu wala wa benki anayehitaji umsomee, hata awe na sauti nzuri namna gani na akuite mama.

Barua ya ajira inasema nimepangiwa "Korogwe DC". Ni kwa Mkuu wa Wilaya?

Hili aliniletea dada mmoja mwalimu, na ndilo lililonifanya nianze kuyaandika haya maswali. Alikuwa amejiandaa kwenda kuripoti kwa Mkuu wa Wilaya, kwa sababu DC sote tunamjua: ndiye anayekuja kwenye mwenge na gari lenye bendera.

Lakini kwenye orodha za ajira za TAMISEMI, DC inayofuata jina la mahali ni Halmashauri ya Wilaya. TC ni Halmashauri ya Mji, MC ni Manispaa, CC ni Jiji. Kwa hiyo Temeke MC ni manispaa yetu hii. Korogwe ipo DC na ipo TC, halmashauri mbili zenye jina moja, na ukiripoti kwenye ile isiyo yako utazungushwa siku nzima. Ilala iliyopandishwa hadhi mwaka 2021 utaiona imeandikwa Dar es Salaam CC.

Na DC haikuishia hapo. Nenda Kariakoo ununue chaja ya sola, nyuma imeandikwa 12V DC. Hapo DC ni umeme unaotiririka upande mmoja tu, kama wa betri, tofauti na AC wa ukutani unaokwenda na kurudi. Ukichomeka kifaa cha 12V DC moja kwa moja kwenye soketi ya TANESCO, utanunua kingine.

CC nayo ina safari ndefu. Kwenye bodaboda, cc 125 au 150 ni ujazo wa injini kwa sentimita za ujazo. Kwenye barua pepe, CC ni nakala, na jina limetoka kwenye karatasi ya kaboni tuliyokuwa tukiibandika kati ya karatasi mbili kwenye taipureta. Wa rika langu wanakumbuka vidole vyeusi. BCC ni nakala ya kificho, wengine hawamwoni aliyepewa. Na ukisikia kwenye redio kwamba "CC inakaa Dodoma", hiyo ni Kamati Kuu ya chama.

PM: Waziri Mkuu, mchana, au "njoo PM" ya mitandaoni yaani tuongee pembeni. PS: Katibu Mkuu wa wizara, nyongeza ya chini ya barua, au usukani laini wa gari. A/C: akaunti ya benki au kiyoyozi. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini benki inamwandikia kuhusu kiyoyozi chake wakati yeye ana feni.

Mfuko wa dawa umeandikwa 1x3, mwingine BD, mwingine PRN. Nimeze vipi?

Kwanza, kabla ya kunisikiliza mimi, dirisha la dawa lipo na mfamasia analipwa kwa ajili ya swali hilo. Rudi umuulize. Lakini najua umeshafika Tandika na foleni ya pale umeiona, kwa hiyo maana zake ni hizi.

Kwenye 1x3, namba ya kwanza ni idadi ya vidonge kwa mara moja, ya pili ni mara ngapi kwa siku. 2x3 ni vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Si vidonge sita kwa mpigo, na wala si vitatu mara mbili. Mara tatu kwa siku maana yake ni kila baada ya saa nane, si asubuhi, saa nne na mchana kwa sababu usiku unasahau.

Herufi ni za Kilatini: OD mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, QID mara nne. PRN ni pale tu inapohitajika, mfano ya maumivu. Ukiwa huumwi usimeze. Stat ni papo hapo. Na a.c. na p.c., zikiwa herufi ndogo kwenye cheti cha dawa, ni kabla ya kula na baada ya kula.

OD ina hatari yake. Kwenye cheti cha miwani, OD ni jicho la kulia na OS la kushoto. Kwenye habari za Marekani, OD ni mtu aliyezidisha dawa au madawa ya kulevya. Kijana mmoja aliona OD kwenye cheti cha bibi yake, akaitafuta kwenye simu, akaja hapa mbio akitetemeka. Bibi alikuwa na kidonge kimoja cha presha, kila asubuhi.

Na UTI, BP, mRDT?

UTI ni maambukizi kwenye njia ya mkojo. Hapa mjini ukipima chochote kile, kuna UTI. BP ni shinikizo la damu, namba mbili zenye mstari kati yake: ya juu moyo unaposukuma, ya chini unapopumzika. mRDT ni kipimo cha haraka cha malaria, kile cha tone la damu kwenye kidude cha plastiki.

Kadi ya harusi ina RSVP na Double. Nijibu kwa nani?

RSVP ni Kifaransa, "jibu tafadhali". Tafadhali imo ndani tayari. Kwa asili yake ni ombi: waambie wenye shughuli kama utakuja, wajue idadi ya sahani. Kwa Dar es Salaam RSVP imekuwa majina mawili matatu ya wanakamati na namba zao za simu, na wakipigiwa, au wakikupigia, mazungumzo huwa ni ya mchango uliobaki. Sahani huja baadaye.

Single ni mtu mmoja, Double ni wawili. Haisemi uje na mke au mume. Inasema viti viwili. Lakini Double si wawili na mtoto wa kupakata na mdogo wake wa kumshika mkono, na mlangoni kuna watu waliowekwa kwa kazi hiyo tu.

Fomu inanipa Mr, Mrs, Miss na Ms. Mimi ni mjane. Niweke ipi?

Mrs ukipenda, mama, hakuna anayekunyang'anya. Au Ms, ambayo haielezi kama mtu ameolewa, hajaolewa au amefiwa. Ni karibu na Bi. yetu ya kwenye barua.

N/A je?

Haihusiki. Iandike kila pengo lisilokuhusu badala ya kuliacha wazi. Pengo likiachwa wazi kwenye fomu ya mkopo, mtu mwingine ana kalamu.

Afisa elimu anataka barua yangu iwe na u.f.s. Ndiyo nini hiyo?

Hii naipenda. Ni "under flying seal", maneno ya zamani ya kiofisi ya Kiingereza: barua iliyowekewa lakiri lakini haikufungwa, ili anayepita katikati aisome kabla haijamfikia mlengwa. Ukiwa mwalimu unamwandikia Mkurugenzi, unaandika u.f.s. Mkuu wa Shule, na Mkuu wa Shule anaisoma, anaweka maoni na mhuri, ndipo inapanda. Kwa Kiswahili unaweza kuandika tu "kupitia kwa". Siku hizi inatumwa kwa barua pepe au inapelekwa kwa bodaboda, lakiri hakuna, ila herufi zimebaki kwenye barua zetu.

Ukiona c/o kwenye anwani, barua inapitia mikononi mwa huyo aliyetajwa. Re: juu ya barua ni Yah: yetu. Encl. ni viambatanisho. Herufi pp mbele ya sahihi ni k.n.y.

Naagiza mzigo China mara ya kwanza. MOQ, CBM, FOB, CIF, B/L: zipi za kuangalia?

Zote, kwa mpangilio huohuo ulioziandika. MOQ ni idadi ndogo kabisa anayokubali kukuuzia mwenye kiwanda. Ukitaka vikombe hamsini na MOQ ni elfu moja, tafuta wenzako Kariakoo mchange au tafuta muuzaji mwingine. CBM ni mita moja ya ujazo, na mzigo unaoingia kwenye kontena la kuchangia hutozwa kwa hiyo: urefu mara upana mara kimo cha maboksi. Ndiyo maana mito ya makochi inakula nauli kuliko vyuma.

FOB na CIF ndipo wageni wanapolizwa. Bei ya FOB inafika hadi mzigo umepakiwa melini kule kwao. Nauli ya baharini na bima ni juu yako. CIF imejumlisha bei ya mzigo, bima na nauli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mtu anaona gari la dola 3,000 FOB kwa muuzaji mmoja na dola 4,300 CIF kwa mwingine, anakimbilia la 3,000, kisha anaongeza nauli na bima na kujikuta palepale au juu zaidi. Na ushuru wa forodha unapigwa kwenye thamani ya CIF, si FOB, kwa hiyo usipige hesabu ya kodi kwa bei ya tangazo. Wala CIF haikutoi bandarini: kodi, gharama za bandari na wakala wa forodha bado wanakusubiri.

B/L ni hati ya shehena ya meli. Aliyeishika kihalali ndiye mwenye mzigo. Itunze kama hati ya kiwanja. ETA ni siku meli inayokadiriwa kufika. Zingatia "inayokadiriwa", usije ukamwahidi mteja.

Kariakoo yenyewe, kwa taarifa yako, ni Kiingereza kilichomezwa: inatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tuliinyoosha ikawa yetu. Na kila kituo cha mafuta tunakiita sheli, jina la kampuni ya Shell, hata kama kampuni hiyo haijawahi kuchimba shimo pale.

Kwenye gia ya gari la otomatiki kuna P, R, N, D.

Kuegesha, kurudi nyuma, huru, kwenda. Taa ya O/D OFF ikiwaka kwenye dashibodi si ugonjwa. Gia ya juu ya mwendo mrefu imezimwa, bonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa gia. Taa ya ABS ikibaki inawaka, hiyo nenda kwa fundi: ni mfumo unaozuia matairi kujifunga ukikanyaga breki ghafla.

Mwendokasi ni BRT au DART?

BRT ni aina ya usafiri, mabasi yenye njia yao wenyewe. DART ni wakala wa serikali unaousimamia hapa. Mabasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, na jina la Mwendokasi ndilo watu waliloshika. SGR ya treni ni reli ya geji ya kawaida, milimita 1,435 kati ya chuma na chuma; ile ya zamani ni mita moja.

Wi-Fi ni kifupi cha nini?

Si kifupi cha chochote. Ni jina la biashara lililobuniwa mwaka 1999 ili livutie sikio. Atakayekupa maneno mawili marefu amepewa na mwingine.

Mwanangu ananijibu "K". Amekasirika?

Huenda. K ni OK iliyokatwa, na vijana wanaiona kavu, kama mtu aliyeitikia "ee" bila kugeuka. OK yenyewe ilianza kama mzaha. Boston, mwaka 1839, waandishi wa magazeti walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno yaliyoandikwa kimakosa kwa makusudi. "All correct" wakaiandika "oll korrect", herufi za kwanza zikawa OK. Ilichapishwa tarehe 23 Machi mwaka huo kwenye gazeti la mji ule. Mizaha mingine ya mchezo huo ilikufa. Huu umefika hadi kwa konda wa Mbagala.

Nyingine za simu kwa haraka: LOL nacheka, BTW halafu pia, IDK sijui, FYI kwa taarifa yako, HBD heri ya kuzaliwa, DM ujumbe wa faragha, ASAP haraka iwezekanavyo, na ikitoka kwa bosi ni sasa hivi. Tusiwalaumu sana watoto na "cjui" na "2naenda" zao. Sisi ndio tulioanza, enzi ujumbe mmoja wa SMS ukiwa na nafasi ya herufi 160 na ukizidisha unakatwa pesa ya pili.

RIP ni "apumzike kwa amani", Kilatini na Kiingereza vikiangukia herufi zilezile. Kwenye msiba wa Waislamu mimi siandiki RIP, naandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Na kwa msiba wowote ule, herufi tatu naziona chache. Jirani aliyekukopesha sufuria miaka kumi unamuaga kwa herufi tatu?

Karatasi yangu ina herufi ambazo hazimo hapa.

Njoo nayo yote. Usinipigie simu kunisomea herufi mbili, kwa sababu nitakuuliza imetoka ofisi gani, juu yake pameandikwa nini, chini kuna mhuri wa nani, na utaishia kunisomea ukurasa mzima kwa salio lako. Ukiipiga picha, piga ukurasa mzima, na uzibe namba yako ya NIDA kwa kidole. Steshenari inafungwa saa mbili usiku. Ya Kiswahili.